Klavye ifuate likembe, si likembe ifuate klavye

"Mwacha mila ni mtumwa." Neno hilo tunalisikia kila mara tunapokutana kwa mambo ya mila, na mara nyingi linatupwa juu ya kijana aliyekuja na klavye kwapani. Wazee wanasema: toa mashine hiyo, si ya babu zetu. Vijana wanajibu: ninyi mmebaki nyuma. Kisha kila upande unarudi kwake na hasira, na likembe inabaki ukutani bila mpigaji. Sisi walimu, ambao tumesimamia nyimbo za wanafunzi miaka mingi, tunasema wazi: pande zote mbili zinakosea.

Tuanze na wazee wetu, kwa heshima yote. Baba zetu, mnasema kitu kilichotoka nje hakiwezi kuwa mila. Haya, tuulize: Kiswahili hiki tunachoandika kilitoka wapi? Kilifika Kasongo kwa miguu, pamoja na misafara ya Tippu Tip na watu wa pwani, katika karne ya 19. Mchele tunaoupika siku ya sikukuu ulifika na watu walewale. Kanzu vilevile. Tena vilikuja pamoja na vita na utumwa, jambo hilo hatulisahau. Lakini leo nani atasimama sokoni Kasongo aseme kwamba Kiswahili si chetu? Gitaa nayo ilikuwa mgeni. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu, na hakuna aliyesema: kwanza toeni magitaa. Wahenga walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo swali si mgeni ametoka wapi. Swali ni hili: akiisha kuingia, nani anabaki mwenye nyumba?

Hapo ndipo vijana wetu nao wanakosea. Klavye nyingi zinazofika siku hizi juu ya pikipiki, zimefungwa kwa kamba na nailoni, zina kitufe kimoja cha hatari. Ukikibonyeza, ngoma, besi na gitaa vinaanza kujipiga vyenyewe. Mpigaji anaweka vidole viwili tu. Wapiga ngoma wa kwaya wanakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, kama wageni kwenye matanga. Huo si muziki wa kisasa, ni uvivu wenye umeme! Na mafuta ya grupu yakiisha, wimbo unakufa katikati, maana aliyejua kupiga ngoma yake amekwisha kuacha kuja.

Na sisi wenyewe tuungame, sababu mwalimu asiyeungama kosa lake hafai kusahihisha la mwingine. Mwaka mmoja tulitayarisha sikukuu ya kufunga shule. Tulikuwa na klavye ya kuazima, tukamwita mzee mmoja mpiga likembe apige pamoja nayo. Sauti hazikupatana. Tukafanya nini? Tukamwambia mzee asogeze vyuma vya likembe yake, kimoja baada ya kingine, mpaka vikubaliane na klavye. Alitutazama, akasogeza. Watu walipiga makofi. Jioni ile mjukuu wake alituambia: "Mwalimu, wimbo ule si wa babu." Hatukumsikiliza. Mzee alifariki kabla ya mwaka kwisha. Likembe yake iko kwa jamaa zake mpaka leo, na vyuma viko palepale tulipovisogeza sisi. Hakuna tena anayejua vilikaa wapi. Hivyo ndivyo mila inavyokufa, ndugu wasomaji. Haikuuawa na mashine. Iliuawa na watu wenye diploma waliodhani mashine haiwezi kukosea.

Kumbe mashine ndiyo iliyopaswa kusogea! Klavye ya kawaida imegawanya sauti katika hatua 12 zilizo sawa. Huo ni ugawaji mmoja tu kati ya mingi, si sheria ya Mungu. Waarabu walikuwa na nyimbo zenye sauti zinazoingia katikati ya hatua hizo. Hawakubadilisha nyimbo zao. Viwanda vya Japani ndivyo vilivyotengeneza klavye zenye vitufe vya kushusha sauti kwa robo. Kama mteja wa Cairo alisikilizwa, sisi tunashindwa nini?

Tena mashine za kwanza za namna hii, ambazo Wafaransa wanaziita sentetiza, hazikuwa na kiburi hicho. Robert Moog wa Marekani alionyesha ya kwake mwaka 1964, na Minimoog ilitoka mwaka 1970. Haikuwa na sauti zilizowekwa akiba. Mpigaji alizungusha vifungo kwa mkono, akatafuta sauti kwa sikio lake, na mashine ikipata joto sauti ilihama, akaitafuta tena. Si kazi ileile ya mpiga likembe anayegonga vyuma vyake kabla ya kuanza? Mwaka 1983 ikaja Yamaha DX7, yenye akiba ya sauti 32 zinazolindwa na batri ndogo iliyo ndani. Batri ikifa, sauti zinapotea, lakini mashine haijafa: inabadilishiwa batri, sauti zinaingizwa upya. Leo watu wa Ulaya, Marekani na Japani wanatafuta mashine hizo za zamani na kuzilipia pesa nyingi. Mwaka 2016 kampuni ya Moog ilirudia hata kutengeneza Minimoog. Sisi klavye ikinyamaza tunaitupa depo, panya walale humo.

Na msiseme mambo haya ni ya Wazungu. Francis Bebey wa Kamerun, aliyeandika kitabu juu ya muziki wa Afrika mwaka 1969, aliweka sanza, dada ya likembe, pamoja na sentetiza, na sanza haikuomba ruhusa. Hapa kwetu Kongo, Mawangu Mingiedi na Konono No. 1 walipitisha likembe katika umeme kwa maikrofoni walizojitengenezea kwa sumaku za vyuma vya magari. Umeme ulimfuata mzee. Mzee hakuufuata umeme.

Kwa hiyo tunaomba chama chetu kikubali mambo matatu. La kwanza: kabla likembe yoyote haijapigwa pamoja na klavye, irekodiwe peke yake, hata kwa simu, chuma kwa chuma, na jina la mpigaji litajwe. La pili: katika mashindano yetu, toka Kasongo mpaka Kabambare, klavye ipokelewe, lakini kitufe cha ngoma za kujipiga kifungwe. Mwenye klavye aje na mpiga ngoma wake. La tatu: klavye za zamani zilizo katika depo za parokia na nyumba za wanamuziki ziandikwe, zifunguliwe, zitengenezwe, na vijana wafundishwe kuzungusha vifungo badala ya kubonyeza tu.

Wazee, msifukuze mgeni. Vijana, msimpe mgeni funguo za nyumba. Na sisi walimu, siku nyingine likembe na klavye zikikataa kupatana, tumwambie wa klavye: wewe ndiye usogee.