Namba ya Siri ya Bibi

Kibarazani, na Bin Baraza

Kwenye kibanda cha wakala, mambo mara nyingi huwa hivi. Bibi anafungua pindo la kanga na kutoa kitochi kilichozungushiwa mpira ili betri isichomoke. Anampa mjukuu wa darasa la sita. Mjukuu anabonyeza *150*00#, anaruka kutoka menyu moja hadi nyingine, kisha ananong'ona: "Bibi, namba ya siri?" Bibi, ambaye masikio yake yalishaacha kushughulika na minong'ono, anaitaja kwa sauti inayofika hadi kwa muuza mihogo.

Foleni inacheka, na bibi anacheka nayo. Pesa inatoka, mjukuu anapata soda yake, na siri inabaki mali ya kitongoji kizima.

Kinachosahaulika katika kicheko hicho ni kwamba huenda bibi huyo anajua kusoma, tena vizuri. Na menyu yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata wilaya 6, zikiwemo Mafia, Ukerewe na Kilimanjaro, zilitakiwa kuhakikisha kila mtu mzima anajua kusoma na kuandika kabla ya Desemba kwisha. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa hata chini ya miembe. Kanda ya Ziwa, vitabu vya kujifunzia vilizungumzia pamba, ndizi na uvuvi, maana mkulima hakuitwa darasani kusoma habari za paka na mkeka. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 watu wazima wa nchi nzima wakafanya mtihani. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma walishuka kutoka kama asilimia 67 mwanzoni mwa kampeni hadi asilimia 39.

Binti aliyekuwa na miaka 25 alipokaa kwenye kisomo mwaka 1971, leo anakaribia 80. Ndiye huyo aliye mbele ya wakala.

Alifundishwa kusoma ukurasa, na ukurasa una subira. Unaweza kuuweka chini, ukatafuta miwani, ukamfukuza kuku jikoni, ukarudi na kukuta maneno yako palepale. Menyu ya simu haina adabu hiyo. Inatokea, inauliza, na ukichelewa inafutika, uanze upya tangu ile nyota ya kwanza. Mzee anayesoma neno kwa neno, kama alivyofundishwa, anashindwa kabla hajafika mstari wa tatu.

Simu za mkononi ziliingia Tanzania mwaka 1994. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikavuka mpaka mwaka 2008. Katika muda huo wote hapakuwa na chochote cha kulinganishwa na kisomo. Kampuni zilileta laini, vocha na miavuli ya rangi. Serikali ikaleta kanuni na, baadaye, tozo. Kazi ya kumfundisha bibi ikaangukia kwa yeyote mwenye vidole vyepesi nyumbani, na huyo kwa kawaida ni mtoto.

Wapo watakaosema hili si jipya, na wana hoja. Enzi za barua mtoto wa shule ndiye aliyesoma habari za mjomba aliyeko Dar es Salaam, akiruka mistari iliyomsema yeye mwenyewe. Hata walimu wengi wa kisomo walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Lakini msoma barua hakushika mkoba. Siku hizi anayeusoma ujumbe ndiye anayejua salio, anayejua ni mtoto gani ametuma na nani amekaa miezi 3 bila kutuma, na anayeweza, akitaka, kuazima elfu tano bila kuaga. Katika nyumba ambayo fedha za mkubwa hazikuwa mazungumzo ya wadogo, hayo si mabadiliko madogo.

Matapeli walilielewa hili mapema kuliko wizara yoyote. Ujumbe wao mashuhuri, ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", hauhitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Unahitaji mzee aliyezoea kuambiwa na watoto abonyeze wapi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kuwasilishia ujumbe wa kitapeli, jambo jema, ila kwa mzee wetu kuusambaza ujumbe huo kwenda 15040 ni kazi nyingine ya kumwita mjukuu.

Halafu kuna suala la kidole. Kisomo kilimwondolea mzee aibu ya kutia dole gumba mahali pa sahihi. Mwaka 2019 ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, na mamilioni wakapanga foleni hadi tarehe ya mwisho, 20 Januari 2020. Ngozi iliyosuguliwa na jembe kwa nusu karne haisomeki kirahisi kwenye mashine. Mtu aliyehangaika kujifunza kuandika jina lake akajikuta anadaiwa kile kile kidole, na safari hii kidole chenyewe kimefutika.

Hakuna anayetaka kurudi kwenye bahasha aliyokabidhiwa kondakta wa basi. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya katika ufukara, yaani asilimia 2 ya kaya zote. Bibi mwenyewe atakuwa wa kwanza kumtetea wakala: dawa za presha hununuliwa siku hiyo hiyo mtoto anapotuma.

Kwa hiyo safu hii haidai simu ipungue, inadai darasa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima bado ipo. Miembe bado ipo, ingawa mingine imepisha fremu za maduka. Kampuni za simu zinazokata makato kwenye kila elfu ya mzee hazitafilisika kwa kugharamia chaki. Somo la kwanza lisiwe intaneti wala akili mnemba. Liwe kubadilisha namba ya siri, taratibu, mara nyingi kadiri mzee atakavyotaka, kila mmoja na kitochi chake mkononi. Wajukuu wasubiri nje.