Maji Yarudiyo na Maji Yasiyorudi



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo liwahusulo jamaa zetu waliohamia Marekani, hasa wale wakaao katika miji ya jangwani. Nyumba nyingi za huko zimo katika mitaa iendeshwayo na chama cha wenye nyumba. Chama hicho hukusanya ada, hutunga kanuni, na humtoza faini mwenye ua usiopendeza. Kwa miaka mingi ua uliohesabiwa kuwa wa kupendeza ni ule wenye nyasi mbichi zilizokatwa sawasawa. Lakini jangwa na nyasi hizo havipatani, na mwenye nyumba anayo njia ya halali ya kujitoa katika taabu hiyo.

Chukueni mfano wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada. Mvua ya mwaka mzima huko ni kama sentimita 10 tu, na Mombasa hupata karibu mara kumi ya hiyo. Mwezi wa Julai joto hupita digrii 40. Sehemu kubwa sana ya maji ya mji hutoka katika mto Colorado, kwa njia ya ziwa Mead lililo nyuma ya bwawa la Hoover. Mwezi wa Julai 2022 maji ya ziwa hilo yalishuka kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa katika miaka ya 1930.

Fahamuni basi ya kwamba maji ya mji huo ni ya namna mbili. Yale yatumikayo ndani ya nyumba, ya kuogea, ya jikoni na hata ya chooni, hukusanywa na kusafishwa, na karibu yote hurudishwa ziwani yatumike tena. Bali yale yamwagwayo uani hunywewa na ardhi na jua, wala hayarudi. Kwa hiyo mtu afungaye vema bomba la jikoni, huku akinywesha nyasi asizozikalia wala kuzichezea, ameokoa kidogo na kupoteza kingi. Hiyo ndiyo israfu yenyewe.

Ndiyo maana mwaka 2021 bunge la Nevada lilitunga sheria ya kwamba, kuanzia mwanzo wa mwaka 2027, maji ya mto Colorado yasinyweshee nyasi za pambo tupu katika viwanja vya pamoja vya mitaa hiyo, maofisini na kandokando ya barabara. Ua wa nyumba ya familia moja haukuguswa. Kadhalika sheria za Nevada, California na Texas hazikiruhusu chama kumkataza mwenye nyumba kupanda mimea istahimiliyo ukame. Hata hivyo chama kinayo haki ya kutazama mpango wa bustani kwanza.

Basi mwenye nyumba asikimbilie jembe. Kwanza na achore mpango wake, aupeleke kwa chama pamoja na barua, na angoje jibu la maandishi. Pili, aiendee mamlaka ya maji. Huko Las Vegas mwenye kung'oa nyasi hulipwa ruzuku, ila sharti aombe na kukubaliwa kabla hajazing'oa. Aliyetangulia kung'oa huikosa. Faida si ndogo: kila mita moja ya mraba ya nyasi iondolewayo huokoa kama lita 2,200 kwa mwaka. Mita 30 za mraba, basi, ni lita 66,000. Naye aliyepanga nyumba asiguse kitu bila idhini ya mwenyewe.

Wako wadhanio ya kwamba ua usiotaka maji mengi ni ua wa mawe matupu. Sivyo. Mawe yasiyo na kivuli hushika joto na kulirudisha nyumbani. Yafaa kupandwa miti ya jangwani kama mesquite na palo verde, na chini yake mishubiri na mimea ya jamii ya mkonge, ambayo watu wa Tanga waijua vema. Mimea yenye kiu sawa ikae pamoja, ipewe maji kwa mirija ya matone, na udongo ufunikwe kwa matandazo. Mti mkubwa uliozoea maji ya nyasi usisahauliwe: nyasi zikiondoka nao ukikosa mirija yake, utakufa.

Kiangazi si wakati wa kupanda. Afadhali kungoja Oktoba. Anayebaki na nyasi azinyweshe kabla ya jua kuchomoza, kwa vipindi vitatu vifupi vyenye nafasi ya saa moja, ili ardhi ngumu ipate kunywa, maji yasitiririkie barabarani. Huko Las Vegas, tangu Mei hadi Agosti, ni marufuku kurusha maji juu ya nyasi tangu saa tano ya mchana mpaka saa moja ya jioni, na siku ya Jumapili kutwa nzima.

Nanyi vijana mliosoma Kiingereza, kazi yenu ni hii: zisomeni kanuni za chama, mwafasirie wazee wenu, na mfuatane nao mikutanoni. Wazee wengi hulipa faini kwa kutojua haki ambayo sheria imekwisha kuwapa.

Wassalaam.