Sahihi ya Wanakijiji Kabla ya Hundi

Anayetoka Kibwezi kwenda Ikutha huvuka Mto Athi, na hapo darajani anaiacha Makueni na kuingia Kitui. Jua ni lile lile, lami ni ile ile ya barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui, na Kikamba kinachosemwa sokoni hakibadiliki ng'ambo ya pili. Tofauti iliyopo haionekani kwa dirisha la matatu: mkandarasi akishafungasha vyombo vyake, ni nani anayesema kazi imekwisha?

Makueni jibu lilipatikana wakati wa Gavana Kivutha Kibwana. Wenyeji huchagua kamati ya mradi, na kamati hiyo inatakiwa iridhike kabla mkandarasi hajalipwa. Ndiyo maana mama aliyeacha mbuzi wake malishoni anaweza kusimama kando ya tanki la shule, karatasi mkononi, akahesabu mifuko ya saruji na kuugonga ukuta kwa jiwe asikie kama una uwazi ndani. Akikataa kutia sahihi, hundi inalala Wote, makao ya kaunti.

Utaratibu huo haukushushwa na malaika. Mwaka 2014 gavana na bunge la kaunti walikuwa hawaivi chungu kimoja kwa sababu ya bajeti, hadi risasi zikalia katika makao ya kaunti. Wananchi waliomba kaunti ivunjwe, tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ikaafiki, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Viongozi wakabaki na watu wale wale waliokuwa wamewachoka. Pengine aibu nayo hufundisha.

Upande wa Ikutha, mifupa ya mfumo kama huo ipo. Kitui ina wadi 40 na vijiji 247, vyenye wasimamizi wanaolipwa na umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila msimamizi awe na baraza la wazee kati ya watatu na watano. Hakuna haja ya kubuni ofisi nyingine. Bunge la kaunti lipitishe sheria fupi tu: hakuna malipo ya mwisho ya kisima, zahanati au silanga la maji bila sahihi za watu watakaolitumia.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya Mkaguzi Mkuu. Nancy Gathungu na maofisa wake hawajalala, ila kalenda haiwasaidii. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, Katiba inawapa miezi sita kutoa ripoti, kisha bunge lina miezi mitatu ya kuijadili. Silanga lililochimbwa Agosti 2024 linaingia katika hesabu za Juni 2025, na ripoti yake ina ruhusa ya kungoja hadi Desemba. Kufikia hapo tuta lake limeshaonja mvua za Novemba mara mbili. Kama lilikuwa la kupasuka, limepasuka, na ng'ombe wamerudi kunywa mtoni.

Sahihi nayo hununulika, hilo halifichiki. Mjumbe wa kamati anayeacha kibarua chake siku nzima bila malipo ni mwepesi kukubali chakula cha mchana cha mkandarasi, na baada ya chakula maneno huwa laini. Dawa ni kutomwachia mwenyekiti karatasi peke yake. Ile orodha ya vifaa na bei ambayo mafundi huiita BQ ibandikwe ukutani kwa chifu, shuleni na katika zahanati, ili hata kijana wa bodaboda asome kwamba kuta zililipiwa nondo za unene fulani, kisha aende akapime.

Wakazi wa Ikutha hawalazimiki kuisubiri sheria hiyo mpya. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu raia yeyote kuomba kandarasi ya mradi bila kulazimishwa kueleza anaitakia nini, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 21. Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, ofisa ndiye anayepaswa kumsaidia.