Tumkumbuke mwalimu wa madishi na hundi yake iliyorudishwa

Ukipita leo katika mji wowote wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu, kuanzia Bujumbura hadi Bukoba, kuanzia Kigali hadi Kisumu, utaona madishi yamejaa juu ya mapaa kama uyoga baada ya mvua. Yapo kwenye nyumba za kupanga, kwenye baa, kwa vinyozi, na hata kwenye nyumba za udongo ambazo maji ya bomba hayajazifikia. Lakini waulize watu kumi wenye madishi hayo ni nani aliyetangulia kuweka dishi nyumbani kwake ili atazame televisheni kutoka angani. Huenda usimpate hata mmoja wa kukujibu.

Nchini Marekani anayetajwa ni H. Taylor Howard, mhandisi na profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kazi yake ilikuwa kuchunguza mawimbi ya redio kutoka vyombo vilivyotumwa kwenye sayari za mbali. Alifariki dunia Novemba 13, 2002 kwa ajali ya ndege ndogo huko California, akiwa na umri wa miaka 70. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu huyu hakuwa mnyonge, lakini haki yake ya kukumbukwa hatujampa, na kisa chake kina somo kwetu sisi tunaolipia ving'amuzi kila mwezi.

Mwaka 1975 kampuni ya HBO ya Marekani ilianza kurusha vipindi vyake kwa setilaiti. Iliuanza mpango huo na pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier lililopiganwa Manila. Vipindi hivyo vilikusudiwa kupokelewa na kampuni za kebo zenye mitambo mikubwa, ambazo nazo ziliwauzia wateja wao kwa nyaya. Mtu wa kawaida hakuwemo katika hesabu hiyo. Howard, kwa kuwa alijua tabia za mawimbi, alitambua kwamba mawimbi yakishatoka angani hayachagui pa kuangukia. Mwaka 1976 alijenga mtambo wake mwenyewe nyumbani kwake, San Andreas, California, akaanza kupokea picha zilezile walizopokea wenye kebo.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililonifanya niandike makala haya. Aliketi akaandika hundi ya dola 100 na kuituma HBO kama malipo ya filamu alizotazama. HBO waliirudisha hundi hiyo, wakisema wanafanya biashara na kampuni kubwa za kebo tu, siyo na mtu mmoja mmoja.

Ndugu msomaji, litafakari jambo hilo. Mtu ana dishi, ana nia ya kulipa na pesa ameituma, lakini mwenye mali anasema hauzi kwa watu kama yeye. Wangapi katika nchi zetu wamewahi kuambiwa maneno ya aina hiyo, kwamba huduma ipo lakini haikupangwa kwa ajili yao?

Howard hakuifanya siri elimu yake. Aliandika mwongozo wa jinsi ya kujenga mtambo wa kupokea matangazo ya setilaiti, ili mwenye bisibisi na subira aweze kujaribu. Mwaka 1980 yeye na mwenzake Robert Taggart walianzisha kampuni ya Chaparral Communications, iliyotengeneza vifaa vya kufunga kwenye madishi. Kuthamini msaada huo ni rahisi ukijua bei za wakati huo. Katika katalogi ya Krismasi ya mwaka 1979, duka la Neiman-Marcus lilitangaza mtambo wa setilaiti wa nyumbani kwa dola 36,500, na dishi lake lilikuwa na upana wa karibu mita sita. Hicho kilikuwa chombo cha matajiri. Mwongozo wa Howard ulikuwa wa mafundi.

Mimi nilisomea ukimbizini, katika kambi moja mkoani Kigoma, Tanzania. Darasa letu la fizikia halikuwa na maabara. Somo la vioo vilivyobonyea tulilinakili ubaoni na kulikariri kama dua. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 1998, fundi mmoja alifunga dishi kando ya banda la video, nasi tukalipa kiingilio kutazama mechi. Fundi yule hakutaka mtu amsogelee alipokuwa akilielekeza dishi lake. Simlaumu, maana siri ile ilikuwa riziki yake. Lakini kioo kilichobonyea tulichokikariri darasani kilikuwa pale nje, kimefungwa kwenye mti, na hakuna aliyetuambia kuwa ni kitu kilekile.

Sasa nikiwa mwalimu nchini kwangu, hulieleza dishi hivi. Setilaiti husimama karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta na kuzunguka sambamba na dunia, ndiyo maana tunaiona kama haisogei. Mawimbi yake yakifika chini huwa dhaifu sana na yametawanyika juu ya eneo la nchi nyingi. Dishi huyakusanya na kuyapeleka mahali pamoja, kama bati linavyokinga mvua na kuielekeza kwenye pipa. Pale yanapokutana ndipo kinapofungwa kile kifaa ambacho mafundi wetu hukiita LNB. Mwanafunzi akilishika dishi bovu lililoshushwa paani na kuona kwa nini limepindwa vile, haihitaji kukariri. Madishi mabovu yamejaa mitaani. Shule zinazolia kwamba hazina vifaa ziyaombe.

Turudi kwenye suala la haki. Marekani ilichukua muda kuiweka sawa. Oktoba 1979 serikali yao iliondoa sharti la mwananchi kuwa na leseni ili aweke dishi la kupokea matangazo. Mwaka 1984 sheria iliruhusu watu kutazama nyumbani matangazo ya setilaiti yasiyofungwa, na wenye vipindi wakabaki na haki ya kuvifunga na kuviuza. Januari 1986 HBO ikafunga matangazo yake. Aprili mwaka huohuo, mfanyabiashara wa madishi wa Florida aliyejiita Captain Midnight aliingilia matangazo ya HBO angani na kuandika ujumbe wa kulalamikia bei ya dola 12.95 kwa mwezi. Alitozwa faini. Mwaka 1992 sheria nyingine iliwabana wenye chaneli waliofungamana na kampuni za kebo wasiwanyime wauzaji wa setilaiti vipindi vyao. Hatimaye, mwaka 1994, dishi dogo la nyumbani likaingia sokoni. Kuanzia hundi kurudishwa hadi mtu wa kawaida kutambuliwa kikamilifu kama mteja, ilipita zaidi ya miaka kumi na mitano.

Na sisi je? Wakati Howard anajenga mtambo wake, juu ya vichwa vyetu kulikuwa na setilaiti ya ATS-6 ya Marekani. Kati ya Agosti 1975 na Julai 1976 ilikuwa imesimama kwenye longitudo 35 mashariki, yaani juu ya magharibi mwa Kenya, ikirusha masomo ya kilimo na afya kwa vijiji vipatavyo 2,400 vya India. Mhandisi mmoja Mwingereza, Stephen Birkill, aliyanasa matangazo hayo akiwa nyumbani kwake Sheffield. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni, ikasubiri hadi mwaka 1994. Burundi ilipata yake mwaka 1984 na Rwanda mwaka 1992. Aliye juu mngoje chini, wanasema wahenga, lakini sisi tulingoja bila hata chombo cha kumpokelea.

Leo chombo tunacho. Tatizo limehamia kwenye kadi. Malipo ya mwezi yakiisha, king'amuzi hufunga kandanda na filamu, na hilo ni halali kwa sababu haki za mechi hununuliwa kwa fedha nyingi. Howard mwenyewe alituma hundi. Hakudai kula cha mwenzake bure, na wanaovunja ving'amuzi wasijifiche nyuma ya jina lake. Lakini zipo chaneli zinazogharamiwa na kodi za wananchi, na hizo nazo zimekuwa zikivutwa huku na huku. Mwaka 2018 nchini Tanzania, mvutano wa leseni uliwafanya watazamaji wa baadhi ya ving'amuzi vya kulipia wakose chaneli za nyumbani. Mwaka 2015 nchini Kenya, mvutano wa kuhamia dijitali uliacha vituo vikubwa vya binafsi gizani kwa wiki kadhaa. Kila mara wakubwa wakivutana, anayebaki na skrini tupu ni yule aliyekwisha kulipia dishi.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 2020. Rwanda na Kenya zilipofunga shule kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Mtoto asiyeweza kuipata chaneli hiyo kwa siku hizo hakuwa na darasa. Sisi tuliosoma kambini tunajua maana ya mwaka wa masomo unaopotea: haurudishwi na mtu yeyote.

Kwa hiyo rai yetu kwa mamlaka za mawasiliano za ukanda huu ni hizi. Kwanza, chaneli ya taifa na chaneli za masomo zifunguke katika kila king'amuzi kinachouzwa nchini, malipo yawe yameisha au hayajaisha, na sharti hilo liandikwe ndani ya leseni. Pili, wenye kampuni waweke malipo ya siku na ya wiki kwa bei ya haki, kwa sababu mkulima hapati mshahara kila mwisho wa mwezi. Wapo walioanza, na wengine wafuate. Tatu, wizara za elimu ziliingize dishi katika masomo ya sayansi kwa vitendo, ili kila wilaya iwe na vijana wanaoweza kulifunga, kulitengeneza na kueleza linavyofanya kazi.

Howard alikuwa tayari kulipa, akakosa wa kumpokea. Wananchi wetu wengi wako tayari kulipa wanachokiweza. Mamlaka zihakikishe kuwa hundi zao, hata zikiwa ndogo, hazirudishwi.