Butembo: wauza miche wauze miti, waache kuuza majani

Mvua ya mwezi wa nane ikianza, barabara za kuingia mjini Butembo zinajaa miche. Sasheti nyeusi zimepangwa kando ya mfereji: avoka, kahawa, kalitusi, marakuja, maprunu, na maua ya kupamba mbele ya nyumba. Mteja anasimamisha pikipiki, anauliza bei, anaomba apunguziwe, anafungiwa miche 20 ndani ya gunia, anaondoka. Dakika tano tu na biashara imekwisha. Kama mche ule ulikuwa wa uongo, mwenye kununua atajua kiisha miaka sita.

Hapo ndipo shida yote ilipo. Mama akiuziwa samaki aliyeoza, anajua jioni ileile. Akiuziwa mafuta ya mawese yaliyochanganywa, sufuria itamwambia. Lakini aliyeuziwa kokwa la avoka lililoota tu katika udongo, akaambiwa kwamba ni mche wa grefe, atalima, ataweka samadi, atafukuza mbuzi, atangoja, na siku ile ya kujua ukweli muuzaji hayupo tena pale barabarani. Hakuna risiti wala jina. Kuna mti mrefu wenye kivuli, na watoto ambao walihesabiwa masomo yao juu ya matunda yake.

Wauzaji wengi wana jibu lao tayari: eti mkaaji wa Butembo anataka bei ndogo, mengine hayamhusu. Jibu hilo halisimami. Huyu mkaaji wa Butembo ndiye yuleyule anayeingia dukani kununua mabati, akauliza kama ni BG 28 ao BG 32, akagonga bati kwa kidole, akainua ukingo wake kuona unene. Ndiye anayefungua gunia la maharagi na kuingiza mkono mpaka chini, juu anajua kwamba mazuri yanawekwa juu. Mji huu unaishi kwa biashara, na watu wake wanajua kuchagua kitu. Kwenye pepinieri hawachagui kwa sababu hakuna aliyewapa kitu cha kuchagulia. Miche yote ni ya kijani, yote ina majani, yote inaitwa “nzuri”. Basi mteja anabaki na kipimo kimoja tu mkononi, ambacho ni bei.

Avoka yenyewe inaonyesha vizuri jambo hili. Mti uliotoka katika kokwa haufanani na mama yake: unaweza kuzaa matunda madogo, ya maji, ya nyuzinyuzi, hata kama kokwa lilitoka katika avoka kubwa ya mafuta. Tena unachelewa, miaka mitano, sita, saba, na mingine zaidi. Mche wa grefe, yaani ule uliounganishwa kijiti cha mti unaojulikana, unaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu ao wa nne, na matunda yake ni ya mti ule uliotoa kijiti. Tofauti hii si siri ya chuo kikuu. Inaonekana kwa macho: juu kidogo ya udongo kuna kovu, mahali shina mbili zilipokutana, na mara nyingi rangi ya gome inabadilika pale. Mteja akionyeshwa kovu hilo mara moja, hatadanganywa tena. Ndiyo maana anayemwonyesha ni muuzaji wa kweli, na yule anayesema “Papa, chukua tu, hii ni ya grefe” huku akifunga gunia haraka, huyo anajua anachofanya.

Hata grefe peke yake haitoshi. Kijiti kilikatwa wapi? Kwenye mti gani, katika shamba la nani? Pepinieri nzuri inapaswa kuwa na mti mama ambao mteja anaweza kwenda kuuona, akagusa matunda yake, na ikiwezekana akaonja. Kama hakuna mti mama, muuzaji anauza hadithi.

Wa mawese nao wana hadithi yao, na hii inauma zaidi kwa sababu ujuzi wake ulizaliwa hapahapa Kongo. Katika kituo cha Yangambi, chini ya INEAC iliyoanzishwa mwaka 1933, watafiti walieleza mwaka 1941 ginsi mchikichi wa tenera, wenye nyama nyingi na kokwa jembamba, unavyopatikana: ni mtoto wa dura na pisifera. Maana yake ni kwamba mtu akiokota mbegu chini ya tenera na kuziotesha, hapati tenera tupu. Kwa kawaida nusu zitakuwa tenera, robo zitarudi kuwa dura, na robo zitakuwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai kitu cha maana. Dunia nzima inapanda mawese kwa kanuni hiyo. Na kwenye barabara ya Beni ao Mangina bado kuna mtu anaokota mbegu chini ya mti wa jirani, anaziotesha katika sasheti, kiisha anaandika kwenye karto “michikichi bora”. Anayenunua miche 100 kwake anapanda, bila kujua, karibu miti 25 ya kuangalia tu.

Kwa kakao mambo yamekuwa makubwa zaidi. Wazee wa eneo la Beni wanakumbuka ginsi trakeomikozi ilivyokausha kahawa ya robusta katika miaka ya 1990, na wengi waliokata mikahawa ile walihamia kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilipita dola 10.000 kwa tani, na kila mwenye kipande cha ardhi alitafuta miche. Palipo na haraka ya namna hiyo, wenye kuuza chochote hawakosekani. Bei imeshuka tangu wakati ule, lakini miche iliyopandwa kwa haraka bado iko shambani, mizuri na mibaya pamoja.

Chukua hesabu ya hekta moja. Kakao ikipandwa kwa mita tatu kwa tatu, inaingia miche 1.111. Hata kama miche yote ingepewa bure, mashimo 1.111 hayachimbwi bure. Kuna watu wa kufyeka, wa kubeba, wa kupanda migomba ya kivuli, na kupalilia miaka mitatu kabla ya kuona tunda la kwanza. Feza ya mche ni sehemu ndogo kabisa ya gharama hiyo, lakini ndiyo inayoamua kama gharama nyingine zote zilitupwa ao hapana. Tena kwa mtu wa Beni kuna gharama isiyoandikwa katika daftari. Wakulima wengi wameuawa wakiwa mashambani mwao na waasi wa ADF. Mtu anayekubali kwenda kupanda kakao katika hali hiyo anaweka maisha yake juu ya ule mche. Kumuuzia mche wa uongo si ujanja wa sokoni.

Bado iko mizizi, ambayo hakuna anayeiangalia. Na hapa wateja nao wabebe kosa lao: wanapenda mche mrefu. Wakiona mmoja wa sentimita 30 na mwingine wa mita moja kwa bei ileile, wanakimbilia ule wa mita moja, wakifikiri wameokoa mwaka. Mche uliofika mita moja ndani ya sasheti ndogo umekaa pale siku nyingi mno. Mizizi yake imefika chini, imekosa njia, imejizungusha kama kamba, ao imetoboa sasheti na kuingia ardhini, na siku ya kuuzwa inakatwa. Ukipandwa hivyo, unaweza kuishi miaka miwili mitatu na kiisha kuanguka kwa upepo, ao kudumaa bila mtu kuelewa sababu. Muuzaji anajua kwamba ule mrefu ni mabaki ya msimu uliopita. Kwa kuwa mteja anaupenda, anauweka mbele kabisa.

Jambo lingine ni kivuli. Miche inalelewa chini ya matete na majani ya migomba, na hiyo ni sawa. Lakini majuma machache kabla ya kuuzwa kivuli kinapaswa kupunguzwa polepole, na maji pia, ili mche uzoee jua. Ukitolewa kivulini leo na kupandwa kesho kwenye kilima kisicho na mti, majani yanaungua. Mkulima anasema udongo wake ni mbaya, ao kuna mtu amemroga. Udongo hauna kosa.

Migomba inaleta hatari ya namna nyingine, kwa sababu hapo mche mbaya hauharibu shamba moja tu. Mnyauko wa bakteria, ambao wengi wanauita wilti, ulionekana Masisi mwaka 2001, na tangu hapo umetembea katika Kivu kwa visu vya kukatia, kwa wadudu, na kwa machipukizi yaliyong'olewa katika mashamba yenye ugonjwa. Hauna dawa. Majani yanageuka manjano, ndizi zinaiva ovyo kabla ya wakati, na ukikata shina unaona uchafu wa manjano unatoka. Chipukizi linaweza kuonekana safi siku ya kuuzwa na kubeba ugonjwa ndani yake. Yule anayezunguka vijijini akinunua machipukizi kwa kila mtu, akayachanganya katika lori moja, akaja kuyamwaga sokoni, anaweza kuleta njaa katika kijiji kizima bila kukamatwa hata siku moja.

Serikali iko wapi? Kwenye karatasi, iko. Kuna sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011, na kuna huduma ya taifa ya mbegu, SENASEM, yenye kazi ya kuangalia na kuthibitisha mbegu na miche. Kwenye barabara, anayeonekana zaidi ni mwenye kukata jetoni. Anajua kila pepinieri ilipo, anajua mwenye nayo, anajua siku ya soko. Kama mtu wa takse anafika, basi agronomi pia anaweza kufika. Mji huu hauna ukosefu wa maagronomi. Kuna shule na vyuo vikuu vinavyowafundisha, na wengi kati ya wanaomaliza wanauza vocha za simu ao wanaendesha pikipiki. Haihitaji muujiza kuwapa kila mmoja wao pepinieri kumi za kutembelea kabla ya kila msimu.

Baadhi ya mashirika ya misaada nayo yameharibu sehemu yao. Yanakuja na lori la miche, yanagawa bure, yanapiga picha, yanaandika katika ripoti idadi ya miche iliyogawiwa. Idadi ya miti iliyo hai kiisha miaka miwili haiandikwi mara nyingi. Mara nyingine lori linafika mvua ikiwa inakwisha, kwa sababu feza ya mradi ilichelewa, na mkulima anapanda miche ya kufa. Papo hapo kijana mwenye pepinieri ya kweli, aliyelea miche yake miezi sita, anakosa mnunuzi kwa msimu ule. Kama shirika linataka kusaidia, linunue kwake, kwa wakati, na lirudi kuhesabu.

Maana haki lazima isemwe: kazi hii ni ngumu. Wengi wanaoifanya ni vijana na wajane, kwenye kiwanja cha kukodi. Wanapandisha maji kutoka bondeni kwa bidoni, wanalipa sasheti kwa dola, wanalala macho juu ya wezi na mbuzi. Mche wa grefe unadai mkono wa fundi, na grefe nyingine zinakufa. Mteja anayetaka ubora huo kwa bei ya kokwa la avoka anamfukuza fundi katika kazi na kumwachia nafasi mdanganyifu. Alipe zaidi. Lakini alipe kwa kitu: jina la aina ya mti kwenye karto ndogo, mahali mti mama ulipo, tarehe mche ulipowekwa katika sasheti, namba ya simu ya muuzaji, na ahadi kwamba miche iliyokufa katika mwezi wa kwanza bila kosa la mkulima itabadilishwa.

Na alipe pia kwa kuambiwa hapana. Butembo iko kwenye karibu mita 1.700, anayekuja kutafuta kakao ya kupanda Musienene anapaswa kuambiwa kwamba baridi ya huko haifai, atafute kahawa ya arabika ao avoka. Anayetaka kalitusi aulizwe kwanza atapanda wapi. Kalitusi karibu na chemchemi ya mtaa, ao kwenye mpaka na maharagi ya jirani, inaleta ugomvi ambao unafika kwa chefu wa mtaa na wakati mwingine kortini. Muuzaji anayepoteza feza ya leo kwa kusema ukweli huo atamwona mteja yuleyule msimu unaofuata, pamoja na shemeji yake na watu wa kanisa lake.

Miche itakayouzwa kwenye mvua ya mwezi wa tatu iko katika sasheti tangu sasa. Wenye pepinieri bado wana muda wa kutenga iliyozeeka, kuandika majina, na kupanda miti michache ya kwao wenyewe kando ya barabara ili wateja waione ikikua. Maagronomi wa serikali nao wana miezi ya kupita kabla soko halijafunguka.