Kabla ya kuandika jina la ugonjwa

BAINA YETU
Na Mwanaidi Kilindo

Mwaka 1971, Robert Kendell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila anayetibu akili angepaswa kulijua. Waliwaonyesha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani na wa Uingereza filamu zilezile za wagonjwa wakihojiwa. Mmoja wao alikuwa kapera wa Brooklyn aliyewahi kupooza mkono pasipo ugonjwa wa mwili, moyo wake leo juu kesho chini, na pombe imemzidi. Wamarekani 69 katika kila 100 walisema ana skizofrenia. Waingereza waliosema hivyo walikuwa 2 katika kila 100.

Mgonjwa ni yuleyule, na pande zote mbili zinazungumza Kiingereza. Kilichotofautiana ni mazoea ya waliomsikiliza. Na jina hilo si wino tu: ndilo linaloamua dawa atakayomeza, muda atakaolazwa, na jinsi ndugu watakavyomtazama akirudi nyumbani. Tofauti za namna hiyo zilichangia Wamarekani kuuandika upya mwongozo wao wa kutambua magonjwa ya akili mwaka 1980, wakaweka vigezo vya wazi.

Vigezo viliwasaidia madaktari kukubaliana wao kwa wao. Kumsikiliza mgonjwa ni kazi nyingine. Mama anafika zahanati, anasema kichwa kinawaka moto, moyo unamwenda mbio, usiku hapati usingizi, ana mawazo mengi. Hasemi ana huzuni, kwani hajafiwa. Anapimwa malaria, hana; anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani na sonona yake. Mwingine ametoka kumzika babu yake, anasema mzee amemjia na kusema naye. Asiyejua mila za kwao anaweza kumwandikia wazimu mtu aliye msibani.

Zimbabwe walianza na mgonjwa. Miaka ya 1990, Vikram Patel na wenzake walikusanya maneno ambayo Washona wenyewe hutumia kuelezea mateso ya nafsi, wakatunga dodoso la maswali 14. Dodoso hilo limetumiwa pia na akina bibi wanaowasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi ya Harare, katika mradi ulioanzishwa na Dixon Chibanda.

Nisieleweke vibaya. Skizofrenia si ugonjwa wa Wazungu. Ipo Unguja, ipo Kisumu, na dawa zake zinasaidia. Anayemfunga ndugu yake minyororo kwa kuwa ana jini anamdhulumu.

Tangu 2013 mwongozo huo wa Marekani una mahojiano ya maswali 16: mgonjwa anauelezaje mwenyewe ugonjwa wake, anadhani umetokana na nini, nani anamsaidia. Naziomba wizara zetu za afya ziyafikishe maswali hayo hadi zahanati za vijijini, yaulizwe kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Nawe msomaji, ukimsindikiza ndugu yako kliniki, usikae kimya. Mweleze daktari alivyokuwa kabla ya kuugua, nini kimempata, na nyumbani kwenu jambo hilo mnalielewaje. Daktari anakuhitaji.