Dakika Kumi za Hofu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme habari ya ugonjwa ambao wengi wetu tunaujua lakini hatuutaji. Sisemi malaria wala kichocho. Nasema ile hofu ya ghafla inayomshika mwanafunzi bila ya sababu inayoonekana, moyo ukampiga kama ngoma, pumzi zikambana, naye akaamini kwamba saa yake ya kufa imefika. Mimi nilishikwa nayo nilipokuwa Kidato cha Nne katika shule nyingine, na ilibaki kidogo tu niache masomo. Leo niko Kidato cha Sita katika shule hii. Muhula huu nimeona wenzetu wawili wa vidato vya chini wakitolewa darasani kwa kushikwa mikono, na nyuma yao watu wanacheka. Nimeona si haki kunyamaza.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa asubuhi ya mtihani wa majaribio wa Hisabati. Nilikuwa nimekesha usiku mbili nikisoma kwa tochi chini ya blanketi, na asubuhi ile sikunywa hata uji. Msimamizi alipogawa karatasi nilisoma swali la kwanza nikaliona jepesi. Nilipofika swali la pili moyo ulianza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, jasho likanitoka, na kuta za chumba zikawa kama zinanisogelea. Nilijiambia, "Ninakufa, tena mbele ya watu." Nikaacha kalamu, nikatoka mbio mpaka chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya bwalo. Baada ya robo saa nilikuwa mzima, isipokuwa miguu ilitetemeka na aibu ilinijaa.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Zahanati walinipima malaria, hawakuiona. Mwalimu mmoja alisema huo ni uoga wa hesabu, akanipa adhabu ya kufyeka majani. Wenzangu walinipa jina la Mirembe, yaani ile hospitali ya Dodoma wanakotibiwa wagonjwa wa akili, na jina hilo lilinifuata mpaka bwenini. Kwa hiyo nikajifunza kujificha. Nilikaa karibu na mlango kila mahali. Kisha nikaacha kwenda bwaloni wakati kumejaa watu, nikawa nala baadaye chakula kilichopoa. Kisha nikaacha prepo ya usiku.

Alikuwapo mwalimu mwingine, mtu mpole sana, ambaye alinihurumia. Akaniruhusu nilale bwenini kila nijisikiapo vibaya. Nilimshukuru, na mpaka leo namheshimu. Lakini ukweli ni kwamba ruhusa ile ilinidhuru kuliko fyekeo. Kila siku niliyolala bwenini, darasa lilizidi kuwa la kutisha machoni pangu. Kufikia mwisho wa muhula sikuweza hata kupita mbele ya mlango wake. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nami nilikuwa nikiogopa unyasi usiku na mchana.

Likizo ilipofika, nyumbani nako walikuwa na yao. Bibi alisema nimetupiwa jini. Baba alisema mtoto wa kiume haogopi karatasi. Mama hakusema kitu. Aliuza kuku wake wawili, tukapanda gari kwenda hospitali ya wilaya.

Tabibu tuliyemkuta alikuwa mzee kidogo. Aliusikiliza moyo wangu, akatazama macho, akapima damu, akauliza kama nina pumu na kama nakunywa kahawa nyingi au vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Hakuona kasoro, ila kukesha na njaa. Ndipo aliponiuliza, "Mwanangu, ukikutana na simba njiani mwili wako utafanya nini?" Nikamjibu, "Nitakimbia, Mzee." Akasema, "Basi mwili wako ulikutana na simba ndani ya karatasi ya hesabu."

Akanieleza hivi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari, tezi hizo humimina katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo huenda mbio ili kuipeleka damu kwenye misuli, pumzi huongezeka, na jasho hutoka ili mwili upoe. Yote hayo ni matayarisho ya kupigana au kukimbia. Baadaye nilisoma kwamba Walter Cannon, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu alichokitoa mwaka 1915. Ganzi ya vidole nayo ina sababu yake. Mtu akihema mbio mbio hali amekaa kitini, hutoa hewa ya ukaa kupita kiasi. Ikipungua katika damu, kichwa huwa chepesi na vidole hufa ganzi. Basi mgonjwa huona dalili hizo, akaogopa zaidi, akahema zaidi, na duara linaendelea.

Mimi hulifananisha jambo hili na kengele ya shule. Fikiri kwamba kijana wa zamu ameigonga usiku wa manane. Wote tutaamka na kukimbilia mstarini. Kengele ni nzima na sisi ni wazima. Saa ndiyo si yake. Hakuna haja ya kuivunja kengele wala kuhama shule.

Neno lililoniponya zaidi lilikuwa la mwisho. Tabibu aliniambia kwamba hofu ya namna hii aghalabu hufika kileleni kabla ya dakika kumi kupita, kisha hushuka yenyewe. Mtu mwenye moyo mzima hafi kwayo. Lakini akikimbia kabla haijashuka, ubongo huandika kwamba amepona kwa sababu amekimbia, na kesho utamtaka akimbie mapema zaidi.

Basi alinipa mazoezi, nami nayaandika hapa kwa faida ya mwenye kuyahitaji. Hofu ikija, weka nyayo zote mbili chini. Vuta pumzi kwa pua polepole ukihesabu mpaka 4, na uitoe polepole zaidi ukihesabu mpaka 6. Usishindane na hofu wala usiitukane, iambie moyoni, "Nakujua, utapita." Tazama vitu vitano vilivyo mbele yako na uvitaje kimoja kimoja. Kisha baki pale pale mpaka ishuke. Na kama umekwisha kulikimbia darasa, rudi kwa hatua. Mimi siku ya kwanza nilisimama mlangoni tu. Siku ya pili nilikaa dawati la nyuma dakika 5. Wiki ya tatu nilikaa kipindi kizima.

Mwezi wa Novemba, katika mtihani wa taifa wenyewe, ilikuja tena, na kwa ukaidi wake ilichagua karatasi ile ile ya Hisabati. Nililaza kalamu, nikahesabu pumzi, nikaitazama saa ya ukutani. Zilipita dakika 9. Nikaichukua kalamu nikaendelea. Sikupata alama za kujivunia katika Hisabati, lakini nilipata za kutosha, na ndiyo maana niko hapa.

Sasa nieleze rai yangu. Naona hofu hii hulishwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja ni ukali: kucheka, kuchapa, kumwita mtu mwoga. Mkono wa pili ni huruma isiyo na mpaka: kumwondolea mtoto kila anachokiogopa, mpaka asibakiwe na mahali pa kusimama. Njia iliyo sawa ni kumpa mwanafunzi dakika kumi, kisha kumrudisha darasani.

Kwa walimu wetu naomba jambo dogo. Iwepo kanuni inayojulikana na wote kwamba mwanafunzi aliyeshikwa na hofu aweza kuinua mkono, akatoka na mwenzake mmoja, akakaa kivulini mbele ya darasa, wala si bwenini, akarudi ikiisha kushuka. Asiulizwe maswali mbele ya watu. Akipatwa mara nyingi, apelekwe kwa tabibu, kwa maana si kila moyo uendao mbio ni hofu; upungufu wa damu, pumu na maradhi ya moyo yenyewe huweza kuleta dalili zinazofanana. Na yuko ambaye mazoezi peke yake hayatamtosha. Huyo atahitaji mashauri ya wataalamu au dawa, na hiyo ni kazi ya hospitali.

Najua yuko atakayesema, "Ukifungua mlango huo, wavivu wote watapita." Ni neno la haki, nami nimelifikiri. Lakini mvivu anatafuta siku nzima ya kulala. Dakika kumi kivulini, chini ya macho ya kiranja, hazitamfaa kitu. Tena hata malaria ina wanaoisingizia, na hatujafunga zahanati kwa ajili yao.

Kwa wanafunzi wenzangu nasema, acheni kucheka. Mwaka 1962 katika shule ya misheni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Kilianza kwa wasichana watatu mwezi wa Januari, na shule ilipofungwa tarehe 18 Machi walikuwa wamepatwa 95 kati ya 159. Waganga walitafuta sumu na vijidudu, hawakuona. Hali ile haikuwa sawa na hii ninayoieleza, lakini inatufundisha kwamba yaliyofungwa moyoni mwa mwanafunzi huweza kutokea mwilini, na kwamba mwili huo hausemi uongo. Kwa hiyo ukimwona mwenzako ameshikwa, usimzunguke na kundi. Kaa naye mmoja, sema kwa sauti ya chini, hesabu naye pumzi. Na akikwambia kwamba amechoka kuishi, usiifanye siri. Mwambie mwalimu saa hiyo hiyo, wala usimwache peke yake.

Kwa wazazi wetu nasema kwa heshima. Hatuwalaumu kwa kutolijua jina la ugonjwa huu. Hata waganga wa akili wa Marekani waliutia katika orodha yao, kwa jina lake wenyewe, mwaka 1980 tu. Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alinena kama alivyonenewa yeye. Siku matokeo yalipotoka alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia kwamba naye, alipokuwa kijana kazini, alikuwa akishikwa hivyo hivyo ndani ya magari yaliyojaa watu, na hakupata kumwambia mtu. Nilihuzunika kusikia hayo. Miaka yote hiyo tulikuwa wawili katika nyumba moja, kila mmoja na hofu yake, tukifichana. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Mtoto wako akirudi likizo akakwambia kwamba anaogopa na hajui anachokiogopa, usiharakishe kumjibu. Mwulize analala saa ngapi, anakula nini, na hofu inamjia wapi. Kisha mpeleke hospitali kama mama yangu alivyonipeleka. Wale kuku wawili walikuwa ada ya shule iliyo bora kuliko zote nilizolipiwa.

Mimi bado hunijia mara moja moja, hasa nikilala njaa au nikikesha. Ilinijia hata wiki iliyopita wakati wa paredi. Nilisimama pale pale, nikahesabu, ikapita. Aliyekuwa kando yangu hakujua. Kama yuko asomaye haya ambaye naye anakaa karibu na mlango kila mahali, anitafute bweni la kaskazini baada ya chakula cha jioni. Tutakwenda prepo pamoja, na tutakaa dawati la katikati.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita